Karatasi Pacha

Kwa miaka thelathini na minane mzee huyo alijalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji, na kwa muda wote huo hakuna kitabu kilichotoka mikononi mwake kikarudishwa. Jambo hilo alimweleza kila aliyekaa naye zaidi ya nusu saa. Alipostaafu aliondoka na sindano zake tano, kisu cha kukatia karatasi, kipande cha mfupa cha kulainishia mikunjo, na kibanio cha chuma alichokiweka chini ya dirisha la sebule na kukifunika kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Majirani walimwita Mzee Gundi. Jina hilo lilimkera kama changarawe ndani ya kiatu, kwa kuwa, kama alivyoshikilia siku zote, kitabu hushikwa na uzi. Gundi ni msaidizi tu. Anayeunga kitabu kwa gundi peke yake hastahili kuitwa mjalidi. Huyo ni mbandikaji, na aende akabandike matangazo ukutani.

Gundi yenyewe hakuwahi kuipika hata siku moja. Aliyeipika ni mkewe, tangu enzi ile kiwanda kilipoishiwa na gundi ya mapipa na mafundi wakaketi mikono mitupu. Mkewe alichemsha unga wa ngano kwa maji, akatia chembe ya shabu ya kufukuza wadudu, akaukoroga mpaka ukawa laini kama malai, akampa mumewe ndani ya kopo la maziwa. Tangu siku hiyo mzee hakutaka gundi nyingine. Hata hivyo, kwenye pembe ya chini ya jalada la nyuma, upande wa ndani, kila kitabu chake kilikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa penseli iliyochongwa vizuri: Kimeshonwa na, kisha herufi mbili za jina lake. Za mkewe hazikuwapo. Hakuna aliyewahi kuuliza, na mkewe alikuwa wa kwanza katika hao wasiouliza.

Jumamosi moja asubuhi mjukuu wao, binti wa mwana wao mkubwa, aliingia sebuleni amekumbatia mfuko wa nailoni uliovimba. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Babu yake alikuwa akimwita Muuguzi tangu ana miaka mitano, siku alipoikuta miguu yote minne ya kiti chake imefungwa bendeji za kitambaa cha kujalidia, na mtoto akamwambia kwamba kiti kina maumivu lakini kitapona.

Binti aliamkia, akaitikiwa. Babu aliutazama ule mfuko kwa jicho la ukaguzi.

"Umeleta nguo za kufua?"

"Nimeleta mfumo wa neva, Babu."

"Wa nani?"

"Wa binadamu wote. Wako umo humo pia, na wa mke mwenzangu huyo."

Bibi alicheka kutoka jikoni na kusema kwamba wake uachwe ulipo, bado anautumia.

Mfuko ulipofunguliwa, zilitoka karatasi mia mbili na kumi na mbili, zimeandikwa upande mmoja mmoja, zimechanganyika vibaya. Faili lililokuwa limezibeba lilipasukia ngazini bwenini, na feni ya ukumbini ikamalizia kazi. Hakuna karatasi hata moja iliyokuwa na namba. Mzee alizigeuza mbili tatu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeona nyumba nzuri isiyo na mlango. Alitaka kufungua mdomo kutoa hotuba yake ya namba za kurasa, ambayo ukoo mzima uliijua kwa moyo, lakini aliutazama uso wa mjukuu wake, akaimeza.

Alijua yaliyompata. Mwezi uliopita binti alisimama mbele ya jopo la walimu kwa mtihani wa mdomo kuhusu mfumo wa neva, akaulizwa swali moja akababaika, na baada ya hilo moja yakafuata mengine, akaanguka. Nafasi ya pili ilikuwa Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi. Aangukaye mara mbili hufungasha virago. Siku alipowaletea habari hiyo alimwomba babu yake jambo moja tu: asimwite Muuguzi kwanza. Tangu hapo mzee alikuwa kila akimwita hujikwaa, "Muu... mjukuu wangu," kama mtu aliyeumwa na jino.

Sasa binti alieleza kwamba mpaka Jumanne atakuwa wodini kwa mazoezi ya kazi, hana wakati wa kuzipanga. Kama Babu angeweza kuzishona tu, zikae pamoja, angeshukuru.

"Kuzishona tu," alirudia mzee. "Mimi sishoni tu. Nitazipanga kwanza. Jumanne jioni njoo uchukue kitabu."

Hakumuuliza ni swali gani lililomwangusha. Aliona si heshima kumtonesha mtu kidonda. Baadaye alikuja kujilaumu kwa heshima hiyo.

Siku hiyo na kesho yake meza ya chakula haikuwekewa sahani. Mjalidi hawezi kupanga asichokielewa, na kiwandani alikuwa na sifa ya kusoma kila kitabu kabla ya kukishona, hata vitabu vya sheria za forodha. Alivaa miwani yake, akachonga penseli, akaanza kusoma kama mwanafunzi, kidole chini ya mstari.

Lililomfungukia mwanzo ni kwamba mfumo huo una milki mbili. Ya kwanza ni mfumo mkuu, yaani ubongo na uti wa mgongo, ambao umefungiwa ndani ya fuvu na ndani ya mifupa ya mgongo kama nyaraka ndani ya sefu. Ya pili ni mfumo wa pembeni, yaani neva zote zitokazo humo kwenda kwenye ngozi, misuli na matumbo, na kurudi. Akaanzisha mafungu mawili mezani: kulia mfumo mkuu, kushoto mfumo wa pembeni. Alipoona mjukuu wake ametumia neno uti wa mgongo kwa mfupa na kwa kile kilicho ndani ya mfupa pia, aliandika pembeni kwa herufi ndogo: Mfupa au uzi? Fafanua.

"Unawasahihisha madaktari?" aliuliza mkewe.

"Nasahihisha Kiswahili. Kitabu nacho kina mgongo, na ndani ya mgongo mna uzi. Sijapata kuviita viwili hivyo kwa jina moja."

Kisha zikaja karatasi za seli. Alisoma habari za seli ya neva, iitwayo neuroni, yenye kiwiliwili, na matawi mengi mafupi ya kupokelea habari, na mkia mmoja, yaani aksoni, wa kupelekea habari mbele. Nyingine mkia wake huanzia kiunoni ukaishia kwenye kidole cha mguu. Mzee alikitazama kidole chake gumba ndani ya kandambili kwa heshima ambayo hakikuwahi kupewa. Alijifunza kwamba ziko neuroni za kuleta habari kutoka ngozini, ziko za kupeleka amri kwenye misuli, na ziko za kati zinazounganisha hizo mbili. Kilichomnyima raha ni kuambiwa kwamba ncha ya neuroni moja na mwanzo wa nyingine, kwa sehemu kubwa, havigusani. Pana upenyo mwembamba mno, na habari huvuka hapo kwa kemikali. Aliusoma ukurasa huo mara tatu. Kitabu ambacho nyuzi zake hazigusani asingekipokea.

Jumapili alasiri, mkewe akiwa jikoni anakoroga gundi, alifika kwenye ukurasa uliomfanya avue miwani na kuifuta. Akausoma kwa sauti ili naye asikie.

"Seli za glia. Jina hili lina asili ya neno la kale lenye maana ya gundi, kwa kuwa wataalamu wa zamani walidhani kazi yake ni kuzishikilia neuroni tu."

"Walidhani," alisema mkewe, bila kuacha kukoroga.

Mzee alikohoa, akaendelea. Ukurasa ulisema kwamba ziko za aina nyingi. Ziko zenye umbo la nyota, ambazo hulinda njia za damu ya ubongo na kuzihudumia neuroni kwa chakula. Ziko ndogo zinazozunguka kama askari wa usafi, zikila vijidudu na mabaki. Ziko zinazopamba kuta za vyumba vya ubongo na kusaidia kutengeneza maji yake. Na ziko zinazouzungushia mkia wa neuroni ala ya mafuta, mayelini, ambayo huufanya ujumbe uende mbio. Bila hizo zote, neuroni hufa, au huwa hai bila manufaa.

Kijiko kiliendelea kuzunguka sufuriani, krr, krr. Mzee akageuza karatasi.

Na kesho yake ndipo kosa lilipotendeka.

Katika viwanda vya uchapaji, mashine ikivuta vibaya, karatasi moja hutoka mara mbili. Mafundi huiita pacha. Pacha akiingia kitabuni, msomaji hukutana na ukurasa alioumaliza, na aibu yote humwangukia mjalidi. Mzee huyu alikuwa na macho ya kuwanusa mapacha. Kwa miaka thelathini na minane hakupitisha hata mmoja, na hilo liliandikwa katika barua yake ya kustaafu, iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu. Basi Jumatatu asubuhi, alipokuwa akihakiki mafungu kwa mara ya mwisho, alikutana na karatasi mbili zenye kichwa kimoja: Seli zinazofunga ala ya mayelini. Mstari wa kwanza wa zote ulikuwa uleule, neno kwa neno. Picha ilikuwa moja: uzi mrefu uliovishwa vipande vipande kama mkono wa shati uliokunjwa. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na doa la wino kubwa kama jani. Mzee alitabasamu kwa upendo. Mtoto aliimwagia wino, akaona vibaya, akainakili upya. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha usafi wa daftari ni nani kama si yeye?

Aliichukua ile safi, akaitia mahali pake katika fungu la mfumo mkuu. Ya doa hakuitupa, maana alilelewa kutotupa karatasi nzuri. Alishona mafungu yote ukingoni kwa uzi uliopakwa nta, akaubana mwili wa kitabu, na alipohitaji karatasi ya kuimarisha mgongo, akaitwaa ile ya doa. Aliikata ncha ya chini ili ilingane na urefu, akaipaka gundi, akaikunja kwa marefu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ikabaki upana wa vidole viwili, akailaza mgongoni. Juu yake likaja jalada la kitambaa cha buluu. Ncha iliyokatwa ikafagiliwa pamoja na taka nyingine.

Jumanne jioni binti alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Alikifungua, kikalala wazi bila kujikunja, kurasa zote zina namba kwa mwandiko wa kale wenye mikia. Alikilaza shavuni, kisha akalaza kichwa begani mwa babu yake, na mzee akasimama wima kama nguzo kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake.

Jumatano saa nane mchana simu ya Bibi ililia. Alisikiliza, akampa mumewe.

Sauti ya binti ilikuwa ya chini, yenye kujizuia. Amekipenda kitabu, wenzake wote wamekionea wivu. Ila kuna ukurasa mmoja haoni. Ulikuwa na doa la wino. Je, Babu aliuona?

Katika umri wake wote mzee hakuwahi kukubali kosa la kazi, kwa sababu rahisi kwamba hakuwahi kulikuta. Doa lilimjia machoni, na umbo lake la jani, na mkunjo juu ya mkunjo. Barua yake ya kustaafu ilikuwa ikimtazama kutoka ukutani.

"Sikumbuki," alisema.

Binti alisema si kitu, labda uliangukia ngazini. Simu ikakatika.

Mzee alibaki ameishika simu. Jasho jembamba lilimtoka kwenye kola ya shati, ambayo hata nyumbani aliifunga kifungo cha juu. Mkewe, aliyekwisha kuambiwa na binti habari za ukurasa ule, alimgeukia.

"Umeifanya nini?"

"Nilidhani ni pacha."

"Nimekuuliza umeifanya nini."

"Imo mgongoni mwa kitabu."

Bibi alikaa kitako. Alimweleza kwamba usiku ule aliotoka mtihanini mtoto alimpigia simu akilia, akamwambia ni swali la seli zinazozungushia ala ndilo lililomwangusha, na kwamba amekwenda kwa mwalimu kuomba afafanuliwe upya, akaandika yote katika karatasi moja. Alimwaga wino juu yake kwa kutetemeka.

"Hukuniambia," alisema mzee.

"Hukuuliza. Na hilo la karatasi lingeweza kusahihishwa kwa kisu tu. Hilo la kusema hukumbuki, kisu chake sikijui."

Mzee alinyanyuka, akavaa koti lake la kazini, akatia mfukoni kisu, mfupa na kitambaa safi. Mkewe alikuwa tayari amesimama mlangoni na kopo la gundi limefunikwa kwa sahani. Hakumwomba. Alilipokea tu, na kwa namna alivyolipokea, mkewe aliona kwamba amesikika.

Bweni la wanafunzi wa uuguzi lilikuwa nyuma ya hospitali, umbali wa nusu saa kwa mguu. Mlezi wa bweni, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alimwarifu kwamba saa ya wageni bado, na wageni wa kiume hawapiti ubao wa matangazo pale ukumbini. Mzee alijibu kwamba hana haja ya kupita ubaoni. Anahitaji meza, beseni la maji ya uvuguvugu na mjukuu wake. Mama huyo alimpima kwa macho kuanzia kifungo cha kola hadi viatu vilivyong'arishwa, akakiona na kisu.

"Mzee wangu, upasuaji hufanyika jengo la pili."

"Wangu ni mdogo," alisema mzee. "Mgonjwa hatoki damu."

Mama alijikuta akicheka, akaenda kuleta beseni.

Binti alishuka mbio na kitabu kifuani, hofu usoni, akidhani nyumbani kuna msiba. Babu alimwonyesha kiti. Yeye mwenyewe alibaki amesimama, mikono nyuma, kama alivyosimama zamani mbele ya mwalimu mkuu.

"Uliniuliza nikakujibu sikumbuki. Nilikumbuka. Nimekuja kusema hilo kwanza, mengine baadaye."

Binti alimtazama bila kuelewa.

"Iko wapi, Babu?"

"Mgongoni."

"Mgongoni mwa nani?"

"Mwa kitabu. Nilizikuta mbili, nikaona ni moja imejirudia. Nikaitumia hii ya doa kuimarishia."

Mzee alingoja hasira. Binti aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika, na ilimchukua babu yake muda kutambua kwamba anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja.

"Hata wewe, Babu?"

"Hata mimi nini?"

"Ndicho nilichokosea mtihanini. Ziko seli mbili zinazofanya kazi moja, mimi nikasema ni moja."

Mzee alivuta kiti akaketi. Kisha akakifungua kitabu, akaupitisha ulimi wa kisu pale jalada lilipoungana na mwili. Binti alimshika mkono, akamsihi asikikate, kizuri hivyo. Alimjibu kwamba amekikosea, na yeye hukata alipokosea. Jalada la buluu liliachia kwa mlio mdogo, mgongo ukabaki wazi, na juu yake ile karatasi, nyembamba, ngumu, imekunjwa mkunjo juu ya mkunjo.

"Gundi ya dukani isingeachia mpaka Kiama," alisema huku akilowesha kitambaa na kukilaza juu yake. "Hii ya bibi yako huachia ukiiomba kwa maji na subira. Tusubiri robo saa. Wakati huo nifundishe. Nilizisoma kurasa hizi nikaona kitu kimoja. Tofauti yake ni nini?"

Binti alianza kwa sauti ya mtihanini, haraka haraka, akataja jina refu la seli ya kwanza, oligodendrosaiti, akajikwaa. Babu akajaribu naye kulitamka, akakwama katikati kama gari kwenye matope, akaomba waiite Fundi wa Ndani. Ya pili, iliyopewa jina la mtaalamu, seli ya Schwann, wakaiita Fundi wa Nje. Binti akatulia kidogo.

"Fundi wa Ndani yuko ndani ya ubongo na uti wa mgongo..."

"Mfupa au uzi?"

"Uzi, Babu. Nimeona penseli yako. Basi huyu ana mikono mingi. Amekaa mahali pamoja, anavisha nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, huu kipande, ule kipande. Fundi wa Nje yuko kwenye neva za pembeni. Yeye hana mikono mingi. Kila mmoja anashika kipande kimoja cha uzi mmoja, anajizungusha mwenyewe, tabaka juu ya tabaka."

"Uzi mmoja ukiwa mrefu je? Ule wa kiunoni mpaka kidole gumba?"

"Wanapanga foleni. Mamia kwa mamia, kila mmoja na kipande chake."

"Na mkononi, hapa kwenye kidole changu, nimkute nani?"

Binti alifungua mdomo, akasita. Mzee aliona lile jina la kwanza likija, likisimama mlangoni, likigeuka.

"Wa Nje," alisema binti. "Kidole kiko nje."

"Ukurasa mmoja nimeutia katika fungu la kulia. Huu ulikuwa wa kushoto. Mimi nilitazama kazi, sikutazama mahali."

"Ndivyo hata mimi, Babu. Nilikariri kazi."

Gundi ililegea. Mzee aliinua ncha ya karatasi kwa mfupa, akaikunjua tabaka moja baada ya jingine, polepole, bila kuvuta pumzi. Binti alikuwa ameinama, paji lake karibu kugusa la babu yake.

"Umeikunja kama seli yenyewe inavyojikunja," alisema.

Karatasi ilitanda mezani, imelowa, nzima, doa lake na maneno yake vinasomeka, isipokuwa chini kabisa, ilipokatwa. Mistari mitatu haikuwapo. Mzee aliuweka mfupa chini. Hilo hakuwa na namna ya kulikunjua.

"Hapo paliandikwa nini?"

Binti alifumba macho. Mlezi wa bweni, aliyekuwa akijifanya anahesabu funguo zake, aliacha kuhesabu.

"Neva ya pembeni ikikatika," alisema binti taratibu, "Mafundi wa Nje waliobaki husaidia kuondoa mabaki, wakajipanga mstari, wakaifungulia aksoni njia iote tena kuelekea ilikokuwa. Huota polepole, na si kila mara hufika. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo njia hiyo haifunguki hivyo. Ndiyo maana jeraha la uti wa mgongo ni gumu kupona." Akafumbua macho. "Ilikuwa mistari mitatu, Babu. Nadhani nimeisema minne."

Mzee aliichomoa leso yake, akaifuta miwani ambayo haikuwa chafu.

"Huyo wa Nje," alisema hatimaye, "ningemwajiri."

Karatasi ilipokauka juani dirishani, palibaki swali la kuirudisha mahali pake. Kufumua uzi wote na kushona upya kungechukua siku nzima. Mzee alilifunua kopo, akapaka ukingo wa karatasi utepe mwembamba wa gundi, akauingiza katika fungu la mfumo wa pembeni, akaubana kwa vidole. Kisha akalirudisha jalada kwa gundi hiyo hiyo, bila sindano, bila uzi. Binti, aliyeyajua maneno ya babu yake tangu utotoni, alimwangalia kwa pembe ya jicho.

"Babu, huku si ndiko kubandika?"

"Ndiko," alisema mzee. "Nenda ukasome."

Alhamisi mzee alivaa koti tangu alfajiri ingawa hakuwa na pa kwenda. Saa tano kasorobo simu ililia, na safari hii aliifikia kabla ya mkewe. Binti hakusema kama amepita au ameanguka. Alisimulia kwanza swali lenyewe: kwa nini mtu aliyekatika neva ya kidole anaweza kurudiwa na hisia, hali aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi harudiwi? Alijibu yote kuhusu Mafundi wa Nje na wa Ndani, kwa majina yao halisi, hata lile refu. Mwenyekiti wa jopo alimuuliza amejifunzia wapi kueleza hivyo, akajibu kwamba ni kwa kumfundisha babu yake.

"Basi?" aliuliza mzee.

"Basi niite, Babu."

Mzee alijinyoosha pale aliposimama, kama anayeitwa katika daftari la mahudhurio.

"Muuguzi," alisema, na safari hii hakujikwaa.

Jumamosi Muuguzi alikirudisha kitabu kishonwe kwa utulivu, maana sasa hakuwa na haraka nacho. Mzee alikifumua chote. Mkewe alipika gundi. Kazi ilipokwisha, mzee alichonga penseli, akafungua jalada la nyuma, akaandika, Kimeshonwa na, na herufi zake mbili. Akakaa kidogo. Chini yake akaongeza, Kimeshikwa na gundi ya, na herufi mbili nyingine. Akamsogezea mkewe kitabu bila kumtazama usoni.

Mkewe alikisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji.

"Mbona kwa penseli?" aliuliza. "Miaka yote hii, kisha yangu ifutike?"

Mzee alifungua mtoto wa meza, akatafuta kalamu ya wino.